Umeona mwanya wa pointi kwenye gemu ya mkononi: umwambie nani?

Asubuhi ya Juni hapa Mbeya baridi ni kali: mteja ameuficha mkono mfukoni, anautoa tu ikibidi. Natengeneza simu Mwanjelwa, na pembeni ya meza nina gemu tatu za mkononi ambazo vijana hukodi kwa nusu saa. Zote wanaziita PSP, jina la mashine ya Sony, hata ile ya Kichina isiyo na jina. Umeme ukikatika ndipo biashara inapochangamka, kwa sababu kwenye vibanda vya runinga kubwa kila kitu kinakuwa giza na huku kwangu betri bado zina chaji. Ukutani nimebandika karatasi ya manila yenye majina na pointi. Karatasi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye haya ninayoandika.

Dogo mmoja wa Ilomba alilipia saa nzima, akacheza kama dakika tano, halafu akatoka kwenda kununua vitumbua. Gemu akaiacha kwenye benchi ikinguruma. Nikaichungulia. Gari limenasa kati ya ukuta na rundo la matairi kwenye kona ya tatu, magurudumu yanazunguka palepale, moshi mweupe unafuka, na juu kabisa ya skrini pointi za kuserereka zinapanda bila kupumzika. Kitufe cha mafuta alikuwa amekifunga kwa rababendi, ile ya kufungia noti. Nikajua imeganda, nikanyoosha mkono niizime.

"Fundi, usizime!" Alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, kitumbua kikiwa nusu mdomoni. "Bado haijafika milioni nne!"

Hakuwa ameweka chiti yoyote ya kuidanganya gemu. Hakuwa amegusa faili wala memori kadi. Gemu yenyewe ilidhani gari lililonasa bado linaserereka, ikaendelea kumlipa. Rekodi iliyokuwa ukutani, ya kijana aliyeitolea jasho wiki mbili, ilikuwa laki sita na ushee.

Tangu siku ile nimeulizwa mara nyingi, na vijana wa hapa na hata rafiki yangu wa Iringa mwenye kibanda cha namna hii maeneo ya Miomboni: ukiona kitu kama hicho, unafanyaje? Njia ni tatu, na ya nne ambayo watu hawaitaji kwa sauti. Unaweza kuwaandikia wenye gemu. Unaweza kuwaambia wachezaji wenzako wote. Unaweza kutenga ubao, pointi za mwanya kivyake na za jasho kivyake. Au unanyamaza.

Kwanza, ulichokiona ni nini?

Wengi wanachanganya vitu vinne, na ukikosea hapa huko mbele utakosea yote.

Kuna hitilafu tupu, isiyomnufaisha mtu. Pokémon X na Y zilipotoka Oktoba 2013 kwenye mashine ya mkononi ya Nintendo 3DS, ukisevu, yaani ukihifadhi ulipofikia, kwenye baadhi ya mitaa ya mji wa Lumiose ungeweza kukuta gemu yako haifunguki tena. Hapo hakuna wa kufaidi. Kuna mwanya, yaani hitilafu inayolipa. Mfano maarufu kuliko yote uko kwenye Pokémon Red na Blue za Game Boy, mashine ya mkononi ya zamani ya Nintendo, zilizofika Marekani 1998: unamsikiliza mzee akikufundisha kukamata viumbe, unaruka hadi kisiwa cha Cinnabar, unaogelea kando ya ufukwe wa mashariki, anatokea kiumbe kilichovurugika kiitwacho MissingNo., na kitu kilichokaa nafasi ya sita kwenye begi lako kinaongezeka 128. Kuna ukomo, ambao haumwibii mtu: Tetris ya Game Boy, ya mwaka 1989, ikifika 999,999 kaunta haina pa kwenda. Mtu akikuonyesha namba hiyo usimwite mwizi. Na kuna ufundi, mtu amejua kona kuliko wewe. Huo hauripotiwi popote, unajifunza.

Makala hii inahusu kundi la pili, na kidogo la kwanza.

Vya kupima

Nimezipima njia zote kwa maswali yaleyale. Nani yuko upande wa pili wa zile pointi, yaani nani anapoteza wewe ukipata? Gemu bado inahudumiwa na wenyewe au ilishazikwa? Itakugharimu nini, kwa muda, bando na maneno? Matokeo yanakuja haraka kiasi gani? Na pointi zako wewe mwenyewe zitabaki?

Swali la kwanza ndilo zito. Mtu anayecheza peke yake kwenye basi la Tunduma hana wa kumwibia. Mtu ambaye jina lake liko kwenye jedwali la mtandaoni, au kwenye manila yangu, anaye.

Njia ya kwanza: kuwaandikia wenye gemu

*Nani anafaidika.* Kila atakayecheza baada ya marekebisho, hata asiyekujua. Lile tatizo la Lumiose lilizibwa kwa toleo jipya mwezi uleule. Animal Crossing: New Horizons ilipotoka Machi 2020 kwenye Switch, mashine nyingine ya Nintendo, watu waligundua namna ya kurudufisha vitu wakicheza wawili, na siku chache baadaye marekebisho yakashuka. Njia nyingine zote hazifiki huko. Mwanya hauzibwi na manila.

*Uhai wa gemu.* Hapa ndipo njia hii inapoanguka kwetu, maana mashine zinazozunguka mikononi mwa watu nyingi ni za zamani. Kaseti ya Game Boy ikishatoka kiwandani haibadiliki tena. Sony iliacha kusambaza PSP mwaka 2014. Duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 2023, na uchezaji wake wa mtandaoni Aprili 2024. Kuandika ripoti ya gemu ya namna hiyo ni kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kuna jingine la kuambiana ukweli: kama mashine yako ilifunguliwa na fundi ili icheze gemu za kunakili, usitegemee mtu akusikilize, na huenda hitilafu yenyewe imeletwa na huko kufunguliwa. Jaribu kwanza kwenye mashine safi.

*Gharama.* Muda, zaidi ya yote. Ripoti ya neno moja haina maana. Nimeona mtu ameandika, "Gemu yenu mbovu, watu wanapata pointi bure." Anayeisoma afanye nini? Ile ya kona ya tatu niliiandika hivi, kwa Kiswahili kwanza kwenye daftari, kisha nikaigeuza kwa Kiingereza changu cha kuombea maji:

Kifaa na namba ya modeli. Toleo la gemu, kama linavyoonekana kwenye ukurasa wa mwanzo. Nilichofanya: mzunguko wa kwanza, kona ya tatu, ingiza pua ya gari kati ya ukuta wa kulia na matairi, shikilia kitufe cha mafuta. Nilichotegemea: gari likinasa, pointi za kuserereka zisimame. Kilichotokea: zinapanda mpaka uachie kitufe. Imetokea mara 8 kati ya 10; mara mbili gari lilichomoka lenyewe.

Hilo la mara ngapi kati ya kumi watu hulidharau, na ndilo linalomwambia mtengenezaji kama atafute kosa la kudumu au la bahati. Jingine ni kubadilisha kitu kimoja kimoja. Nilijaribu gari jingine, pointi zikapanda. Nikajaribu kona ya tano yenye matairi yanayofanana, hazikupanda. Kumbe shida ilikuwa pale mahali na si gari. Jaribio lile lilinichukua jioni nzima, na wateja wawili wa vioo vya simu waliondoka.

Video inasaidia, lakini sekunde thelathini zinatosha. Usile bando la wiki kupandisha dakika ishirini za gari linalotoa moshi.

*Kasi na malipo.* Haitabiriki. Niliyoandika kuhusu kona ya tatu ilijibiwa na mashine, "tumepokea", basi. Nyingine, ya gemu ndogo iliyotengenezwa na mtu mmoja, ilijibiwa kesho yake kwa swali moja: toleo lipi? Nilikuwa nimesahau kuandika. Kuhusu fedha, vijana wanasikia habari za zawadi wakaota nyumba. Ni kweli Nintendo ilifungua mpango wa zawadi kupitia HackerOne, tovuti ya kuripoti matundu ya usalama, Desemba 2016, kuanzia dola 100 hadi 20,000, na Sony ikafungua wa PlayStation Juni 2020. Lakini mipango hiyo inatafuta matundu ya usalama kwenye mfumo wa mashine. Gari lililonasa kwenye matairi halimo.

*Pointi zako.* Jiandae kuzikosa. Wakiziba mwanya wanaweza kufuta na jedwali.

*Inamfaa* mwenye subira, mwenye gemu ambayo bado inapata matoleo mapya, na mtu anayesomea kompyuta. Kwa wanafunzi wa pale Iyunga ningesema hivi: ripoti tatu nzuri ulizoandika mwenyewe ni kazi ya kuonyesha kuliko cheti cha semina.

Njia ya pili: kuwaambia wachezaji wote

*Nani anafaidika.* Waliopo sasa hivi. Kama kitu kinafuta sevu za watu, kuwatangazia wenzako ni jambo la leoleo, usisubiri kampuni. Pia mnapokuwa wengi mnajua zaidi: mimi nisingegundua kwamba mashine ile ya Kichina haina tatizo hilo kama dogo mwingine hangejaribu.

*Uhai wa gemu* hauna shida hapa. Gemu iwe hai au imekufa, maneno yanafika.

*Gharama* ni ndogo kwa mfuko na kubwa kwa ligi. Mimi nilitangaza. Nilidhani watu wakijua wataona haya. Jumamosi ile kila aliyeingia alikuja na rababendi yake. Vijana wawili, gari mbili zimenasa kona ileile, na wao wamekaa nje wanaota jua. Kitufe cha mafuta cha mashine moja kilianza kulegea kabla mwezi haujaisha. Na yule wa laki sita na ushee? Aliitazama manila, akanirudishia mashine dakika kumi kabla ya muda wake kwisha, hakusema neno.

*Kasi.* Hakuna inayoishinda. Habari za MissingNo. zilienea kwa midomo ya watoto wa shule, na onyo la Nintendo kwamba kiumbe hicho kinaweza kuharibu sevu halikuwazuia. Kweli kiumbe kilivuruga picha za ukumbi wa mabingwa, na watoto waliendelea.

*Pointi zako* zinabaki, ila zinakuwa sawa na za kila mtu, kwa hiyo thamani yake ujue mwenyewe.

Kuna hadhari moja: gemu za mtandaoni. Ukitangaza mwanya wa kwenye jedwali la mtandaoni, unaowafundisha wanaweza kufungiwa akaunti zao kwa kuutumia. Hapo waambie kwamba upo, usiwape hatua.

*Inamfaa* kikundi kidogo kinachoaminiana, na kila hitilafu inayoumiza kuliko inavyolipa.

Njia ya tatu: kutenga ubao

Hii si ya kwetu. Mwaka 1981 Walter Day alifungua ukumbi wa gemu uitwao Twin Galaxies pale Ottumwa, Iowa, na mwaka uliofuata ukaanza kutunza rekodi za pointi. Ugomvi wa nani kapata kihalali haujakoma mpaka leo. Wale wanaoshindana kumaliza gemu kwa muda mfupi walilipatia dawa: wana mashindano ya "vyovyote vile", ambako mwanya ruksa, na ya "bila mwanya", ambako hairuhusiwi. Anayejua kupita ukutani anashindana na wenzake wanaopita ukutani.

*Nani anafaidika.* Wote wawili, kwa kiasi. Mwenye jasho anarudishiwa nafasi yake, na mgunduzi hachukuliwi kama mhalifu. Mimi namheshimu yule dogo wa vitumbua. Kuiona ile kona kulihitaji jicho.

*Uhai wa gemu.* Njia hii ni ya gemu zilizozikwa hasa. Haziwezi kuzibwa, basi mnajiwekea kanuni.

*Gharama.* Lazima awepo mwamuzi, na mwamuzi hulaumiwa. Niligawa manila, kushoto pointi za jasho na kulia za mwanya, na siku ya kwanza tu kijana wa Kabwe aliniuliza: kukata kona kwa kupita kwenye majani ni mwanya? Gemu inaruhusu, inapunguza mwendo tu. Nikasema si mwanya. Je, kusimamisha gemu kwa kitufe cha kupumzika kila kabla ya kona ili upange vidole? Hapo nilikuna kichwa. Mwishowe tuliandika sentensi moja chini ya manila: *pointi zinazopanda wakati hushiki mashine hazihesabiwi upande wa kushoto.* Haijakamilika, lakini inaeleweka na mtoto wa darasa la tano.

Ushahidi nao unataka mtu aone. Picha ya skrini ya mwisho haionyeshi namba zilipatikanaje. Kwangu, rekodi ya upande wa kushoto lazima mtu mzima mmoja awe ameangalia angalau mzunguko wa mwisho. Rafiki yangu wa Iringa ameona hilo ni usumbufu, yeye anakubali kiapo. Sijui atafika nacho wapi, lakini kibanda ni chake.

*Kasi* ni ya siku hiyohiyo. *Pointi zako* zinabaki, zikiwa na jina lake halisi.

*Inamfaa* mwenye kibanda, klabu ya shule, au ndugu watatu wanaogombania mashine moja nyumbani.

Na kunyamaza?

Tuitendee haki. Ukiwa unacheza peke yako, gemu haina jedwali la wengine na sevu haiharibiki, kunyamaza hakumdhuru mtu. Haikugharimu hata senti. Wengine wananyamaza kwa ajili ya raha ya kuwa na kisiri chao, na gemu ni starehe. Inachacha pale jina lako linapowekwa juu ya jina la mtu mwingine huku yeye hajui. Pia kisiri cha gemu hakikai: rababendi ilionekana siku ya kwanza.

Kwa hali yako

Gemu yako ni mpya, inapata matoleo, na ina jedwali la mtandaoni: andika kwa wenyewe kwanza, kimya, wape wiki kadhaa, na usiweke jina lako kwa pointi za mwanya wakati unasubiri. Ukikosa jibu, waambie wenzako kuwa upo bila kuwapa hatua.

Umegundua kitu kinachofuta sevu au kugandisha mashine: tangaza leo, andika kesho. Kama unaandika moja tu kwa uvivu, andika ile ya kutangaza.

Umeona tundu linaloingia mpaka kwenye akaunti za watu au mfumo wa mashine: hiyo si habari ya kijiweni. Nenda moja kwa moja kwenye mpango wa zawadi wa kampuni, soma masharti yake kabla ya kugusa chochote zaidi, na usimwonyeshe hata rafiki.

Kiingereza kinakupiga chenga: andika hatua kwa sentensi fupi za namba, moja, mbili, tatu, na video ya sekunde thelathini. Mtengenezaji anahitaji hatua, sarufi yako hataisahihisha.

Mashine ni ya zamani au ilifunguliwa, na unacheza na watu wa mtaani: tenga ubao. Kubalianeni kanuni kabla ya mashindano kuanza, maana ikitungwa baada ya mtu kushinda ataona imetungwa dhidi yake.

Unacheza peke yako usiku, mvua ya Uyole inapiga bati: fanya unavyotaka.

Na kama una kibanda kama changu, gawa manila kwa kalamu nyekundu katikati. Kushoto kwangu leo anaongoza yule kijana wa laki sita na ushee, amefika laki saba na elfu arobaini. Kulia kuna jina moja tu, milioni nne na laki mbili, na pembeni yake nimebandika rababendi kwa selotepu.